Kiti cha Tano na Mashuka Arobaini

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya, na mimi mwenyewe nimekaa hapo hapo pabaya siku saba nikiwangoja. Bosi amesimama mlangoni mwa chumba changu. Mkononi ana kijitabu kipya cha kampuni, kidole amekichomeka ukurasa wa tisa. Ameniuliza swali moja tu.

"Huyu mjumbe wa tano ni nani?"

Aliyejiunga nasi leo asione haya, nafasi ipo. Mimi kazi yangu ni kuandika sifa za watu. Mtu ananiletea maisha yake yamekunjamana, mimi nayapiga pasi. Kazi hiyo imenitupa nje mara tatu. Mara ya kwanza nilipeleka barua ya rambirambi nyumbani kwa mteja aliyekuwa hai, akaipokea mwenyewe mlangoni. Mara ya pili nilisifu rangi ya nyumba kwa ufundi mkubwa, ila rangi niliyoisifu ilikuwa ya kampuni pinzani. Ya tatu tuiache. Mpaka leo nikipanda lifti natazama viatu vyangu.

Kazi ya nne ndiyo hii, kampuni ya teknolojia. Wametengeneza kidude kidogo kuliko ukucha. Kinashonwa kwenye shuka, sare au blanketi la hospitali, kisha simu inakuonyesha mali yako iko wapi. Ni akili nyingi, sikatai. Shida ni kwamba kidude kikipita kwenye mashine ya kufulia mara tatu kinakufa, na katika ofisi nzima hakuna aliyewahi kufua shuka la hospitali. Kampuni ilikuwa inapumua kwa shida, ikimtafuta mwekezaji kama mgonjwa anavyomtafuta daktari.

Na Ijumaa ya wiki ile ningetimiza miezi sita kazini.

Hiyo miezi sita msiichukulie mzaha. Kuna binti ninampenda. Anatengeneza meno ya bandia, kwa hiyo mdomo wa uongo anautambua kwa mbali. Yeye amenikubali. Mama yake ndiye hajanikubali. Nilipokwenda kujitambulisha alinisikiliza mpaka mwisho, akahesabu kwa vidole kazi nilizofukuzwa, akasema mwanamume anayekataliwa na kazi kila baada ya miezi minne, nyumba nayo itamkataa. Nitimize miezi sita mahali pamoja, bila kufukuzwa na bila kutoroka, ndipo nilete wazee wangu tuzungumze. Nikipungukiwa hata siku moja, nisipige hodi tena.

Nilikuwa nimebakiza siku tatu.

Basi niwaungamie. Kijitabu kile kilikuwa cha kuwaonyesha wawekezaji wajumbe wetu wa bodi, na walipotokea, na walichowahi kufanya. Wajumbe ni watano, Bosi akiwemo, lakini kiti cha tano kilikuwa wazi tangu mwenyewe ahamie nje ya nchi. Mchora kurasa aliniomba maneno ya kujazia pale, aone nafasi itatosha kiasi gani, kisha akishapatikana mtu tutayabadilisha.

Wengine hujazia upuuzi tu, herufi zisizo na maana. Mimi upuuzi nauonea kinyaa. Na siku zile kichwa changu kilikuwa kimejaa mtu mmoja, kwa sababu binti yake alinishauri nijifunze historia ya kazi ya mama yake nisije nikaulizwa nikakodoa macho. Niliijua kama shairi la shule. Nikaiandika.

"Mjumbe huyu ana uzoefu wa miaka thelathini na mmoja katika mifumo ya huduma za afya. Ameongoza idara yenye watumishi kumi na wanne na kusimamia mzunguko wa vitu zaidi ya elfu mbili kwa siku. Alibuni mfumo wa kutambua mali kwa nyuzi za rangi uliopunguza upotevu hadi kukaribia sifuri. Anajulikana kwa uongozi wa uwazi na kutovumilia visingizio."

Hakuna neno la uongo hapo. Idara ni chumba cha kufulia cha hospitali. Vitu elfu mbili ni mashuka, foronya na magauni ya wagonjwa. Uongozi wa uwazi maana yake ukikosea unasikia kabla hujageuka. Juu ya maneno hayo mchora kurasa aliweka kivuli cha kichwa kisicho na uso, na chini yake "picha inakuja".

Kisha akaugua mafua, kazi ikaenda kwa mchapaji kama ilivyo.

Nakala mia tatu. Mtashangaa hakuna aliyeona. Mimi sikushangaa nilipojua sababu: kila mjumbe alikuwa amesoma ukurasa wake tu. Wakili, aliyeniletea wasifu wa kurasa kumi na moja ukiwa na ushindi wake wa mdahalo shuleni, alinipigia kulalamika nimempunguza. Mwenyekiti, aliyestaafu benki, alitaka tuandike "alisimamia uhusiano na wateja", ingawa nilijua kwa kinywa chake mwenyewe kwamba miaka sita ya kwanza alikaa mlangoni akiwaonyesha watu foleni. Mhandisi aliniomba nisiandike kwamba alianza kwa kupanda nguzo za simu. Nilimwambia hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Akasema utamu huo nikaule mwenyewe.

Aliyesoma kurasa zote alikuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyemleta Bosi mlangoni kwangu.

Wafanyabiashara humwita Mkasi. Ni mama wa makamo mwenye viwanda vitatu vya nguo, na siku hizi anaweka fedha kwenye kampuni changa. Hesabu huwa hazisomi kwanza. Anasoma watu. Alikuwa amerudisha kijitabu chetu kwa tarishi wa ofisi yake, wajumbe wanne amewapiga mstari kwa kalamu, na wa tano, yule asiye na uso, amemzungushia duara mara mbili. Pembeni ameandika: "Alhamisi saa nne asubuhi. Nataka kumwona huyu."

Nilimweleza Bosi yote kuhusu maneno ya kujazia. Nilitegemea ngurumo. Yeye akavuta ndoo yangu ya takataka, akaigeuza, akaikalia.

"Mtu mwenyewe yupo kweli?"

"Yupo."

"Unamfahamu?"

"Kidogo," nilisema, na hilo neno dogo mlitie mfukoni, tutalihitaji.

Bosi akafikiri. Akasema kiti kiko wazi na yeye kama mwanzilishi ana haki ya kupendekeza. Wajumbe wengine atawapigia simu usiku huo huo. Huyo mama akikubali, kiti ni chake. Alhamisi saa nne awe amekaa.

"Na asipokaa," alisema akiinuka, "Ijumaa usijisumbue kuja."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Kati ya wanadamu wote niliowaogopa, mama wa binti yule ndiye niliyepaswa kwenda kumwomba.

Nilikwenda Jumatano baada ya kazi. Tangu astaafu anafulia zahanati moja ndogo nyumbani kwake, si kwa shida, anasema mikono ikikaa bure inaanza kumchukia. Nilimkuta uani katikati ya kamba tano za mashuka makavu. Hakuniuliza habari. Huwa ananiita "mwandishi" tu, jina langu hajawahi kulitumia.

"Mwandishi, umekuja wakati mzuri. Shika kona."

Kwa asiyejua, shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika kona mbili mbili, mnavuta mpaka linyooke, mnalikunja, kisha mmoja anatembea mpaka kwa mwenzake kumkabidhi kona zake. Hapo mnakutana uso kwa uso. Halafu anainama, anashika mkunjo wa chini, anarudi nyuma. Mwenye kutembea nilikuwa mimi.

Nilipanga kusema tutakapokutana. Shuka la kwanza nilimfikia, nikafungua mdomo, akaniambia kona yangu ya kushoto imelala. Nikarudi nyuma. Nikamfikia tena, nikasema, "Mama, kuna jambo," akasema jambo lisubiri shuka liishe. La pili nikapata ujasiri nikiwa mbali, nikaupoteza njiani. Kukiri kosa kwa mtu anayekuangalia ukimjia hatua kwa hatua ni kazi ngumu, waulize waliowahi.

La tatu nilisema. Nilisema nikiwa katikati ya safari, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, nimeshika kona zangu kifuani kama mwimbaji wa kwaya. Nikamwambia kwamba nimemwandika, kwamba amechapwa mara mia tatu, kwamba kesho saa nne anatakiwa kwenye bodi ya kampuni ya teknolojia, na kwamba asipofika nimekwisha.

Alipokea kona zangu, akamaliza kukunja, akalipapasa shuka kwa kiganja, akaliweka juu ya mengine. Ndipo akavua miwani.

"Nisomee."

Nikatoa kijitabu mfukoni nikamsomea. Nilipofika kwenye "kutovumilia visingizio" nilisoma haraka haraka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mama."

"Barua ya onyo iko wapi?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba mwaka wa tatu wa kazi yake mashuka arobaini mapya ya wodi ya wazazi yalipotea siku moja. Yeye ndiye alikuwa msimamizi, akapewa barua ya onyo, ikakaa kwenye faili lake mpaka alipostaafu. Ni kwa ajili ya mashuka hayo alikaza mfumo wa nyuzi za rangi, akawa anakagua kila kona kwa mkono wake. Bila ile barua, mfumo wenyewe ungebaki mchezo wa rangi.

Nikamweleza kwa upole kwamba kwenye wasifu hatuandiki maonyo.

"Basi huyo si mimi," alisema. "Umeandika mtu mwingine ukampa miaka yangu. Mtu asiye na kosa hata moja katika miaka thelathini na mmoja, mimi nisingemwajiri. Ama hafanyi kazi, ama anaficha."

Nikatoa kalamu. Nikaandika barua ya onyo pale pale, karatasi nimeiweka juu ya rundo la mashuka, na mashuka arobaini nikayaandika kwa tarakimu na kwa maneno, kama alivyotaka.

Kuhusu kiti alifikiri kwa muda wa shuka zima la nne. Akasema kidude chetu binti yake amekwisha kumsimulia, na kwamba ni wazo la watu werevu wasiojua maji ya moto. Atakuja. Lakini kiti hakikaliwi siku moja ili mtu fulani apone. Akikaa, amekaa.

"Na uongo sitasema, mwandishi. Nikiulizwa, nitajibu kama ilivyo."

"Ukiulizwa nini, Mama?"

"Chochote. Wewe omba nisiulizwe sana."

Niliomba. Jirani zangu ni mashahidi, waligonga ukuta.

Usiku huo nilisoma kila kitu kilichowahi kuandikwa juu ya Mkasi, maana adui na mchumba wote wawili inafaa uwasome. Magazeti yote yana maneno yale yale: "Alianza bila mtaji wowote, akiwa na cherehani ya kuazima." Sisi waandishi wa wasifu tuna ugonjwa mmoja, hatutazami kilichoandikwa, tunatazama palipoachwa. Mkasi alimaliza shule, na mstari unaofuata ana cherehani. Kati yao miaka mitatu haipo. Nikajiambia labda aliugua, nikazima taa.

Alhamisi saa nne kasorobo Mama alifika na gauni la kijivu lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, na mkoba wenye miwani, kalamu na karatasi yetu ya jana. Bosi alimpokea kama malkia. Wakili alimwuliza ametokea kampuni gani. Akajibu ametokea nyumbani.

Tukimngoja Mkasi, aliona kile kidude mezani. Akakiinua kwa ncha ya ukucha, akamwuliza Mhandisi kinashonwa wapi. Kwenye kona, alijibiwa, ionekane kirahisi.

"Kona ndiyo inayopigwa kuliko sehemu zote," alisema. "Ikiingia mashineni ndiyo inayopiga chuma, na ikipigwa pasi ndiyo inayoungua kwanza. Shoneni kwenye pindo la upande wa miguu, katikati. Huko ni laini, na pasi hupita haraka."

Mhandisi alimtazama, akatazama kidude, akaanza kuandika. Akauliza joto la maji, akauliza dawa, akauliza uzi. Dakika kumi baadaye alikuwa amesahau aibu yake yote, anamsimulia habari za nguzo za simu, na Mama anacheka. Nikaanza kuamini kwamba siku hiyo itapita salama.

Mkasi akaingia. Hakuwa na wasaidizi. Alikaa, akaweka kijitabu mbele yake, akasema ana swali moja kwa kila mtu: siku yako ya kwanza kabisa kazini ulifanya nini? Si ofisini. Kazini.

Wakili alianza na mdahalo wa shule, akakatwa. Ndipo mtaelewa jina limetoka wapi. Mwenyekiti alisema uhusiano na wateja, Mkasi akasubiri, akaendelea kusubiri, mpaka mzee wa watu akasema alionyesha watu foleni, na kwamba siku hiyo alimwelekeza bibi mmoja foleni isiyo yake akasimama saa mbili. Mkasi alitabasamu kwa mara ya kwanza. Akachukua kalamu, akaufuta ule mstari alioupiga juu ya uso wa Mwenyekiti.

Mhandisi hakungoja, alipanda nguzo yake mwenyewe mbele ya watu wote. Naye akafutiwa mstari.

Akamruka Bosi, akafika kwa Mama. Hakumwuliza siku ya kwanza.

"Wodi ya watoto," alisema, "uzi ulikuwa rangi gani?"

Mama alijibu kama anayeulizwa jina lake. "Njano. Mwanzoni ilikuwa bluu, ikawa inachujuka."

"Upasuaji?"

"Mwekundu. Wazazi, kijani." Kisha akavaa miwani. Akamtazama yule mama tajiri kuanzia nywele mpaka mikono, na kwenye mikono akakaa. "Hayo hayakuandikwa kwenye kijitabu. Humo kuna nyuzi tu, hakuna rangi."

Mama akatoa karatasi yetu mkobani, akamsogezea mezani bila haraka. "Mwandishi aliruka kitu. Soma hapo chini."

Mkasi akasoma. Nilimwona akifika kwenye barua ya onyo, akarudi juu, akasoma tena.

"Walikupa wewe barua?"

"Walitaka wampe nani? Aliyeondoka siku hiyo hiyo hakuacha anwani." Mama alivuta kiti karibu. "Sindano. Ni wewe."

Hapo ndipo nilipoiona ile miaka mitatu iliyoachwa. Ilikuwa chumba cha kufulia, mbele ya macho ya mama mkwe wangu. Mkasi, mwenye viwanda vitatu, alikuwa msichana mshonaji wa nyuzi za rangi, mwepesi wa mkono kuliko wote, ndiyo maana wakamwita Sindano.

"Magazeti nayasoma," Mama akaendelea. "Picha zenu za siku hizi zimepakwa sana, sikukutambua. Eti alianza bila mtaji wowote. Mwanangu, ulianza na mashuka yangu arobaini."

Bosi alifumba macho kama mtu anayengoja gari ligonge. Lakini Mkasi alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi, na machozi mengine hayakuwa ya kucheka. Akasema ni kweli, yalitoka aproni mia na ishirini, aliziuza sokoni kwa wiki mbili. Akasema alipoona kwenye kijitabu habari ya nyuzi za rangi alijua ni mtu mmoja tu duniani, na ameizungushia duara mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Alikuwa amekuja kukiri kosa la mashuka. Kuhusu barua ya onyo hakujua, na hilo limemuuma zaidi.

"Siku za mwizi ni arobaini," Mama alimwambia. "Wewe kila shuka umelipa mwaka, umepunguziwa kidogo. Yangu utayaleta, mapya, ya wodi ya wazazi. Si kwangu, hospitalini."

"Yatafika Jumatatu."

"Na kijani usisahau."

Tulicheka wote, hata Wakili, ambaye bado alikuwa na mstari usoni. Mkasi akafungua faili lake. Akasema ataingia na kampuni hii kwa sharti moja, kwamba mama huyu abaki kwenye kiti hicho, na kila kinachoshonwa kipite mkononi mwake. Bosi aliinama akatazama meza, nadhani alikuwa anashukuru. Mimi nilihesabu saa. Ijumaa ilikuwa imebakiza saa kumi na tatu ifike.

Mkasi akachukua kalamu kuandika. Akauliza bila kuinua macho, kama mtu anayejaza fomu.

"Mama, umekuwa mjumbe wa bodi hii tangu lini?"

Ndilo swali nililoomba usiku kucha lisije. Wakili akakohoa. Bosi akasema tuyaache ya makaratasi, tutayamaliza baadaye. Mama akamtazama kwa namna ambayo watumishi kumi na wanne waliijua vizuri.

"Tangu jana saa kumi na moja jioni," alisema. "Shuka la nne."

Mkasi akakigeuza kijitabu. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo mimi mwenyewe nilisisitiza ziwepo, palikuwa na tarehe ya kuchapwa. Siku kumi na mbili nyuma. Kalamu akaiweka chini.

"Basi nani alimwandika humu kabla hajawa mjumbe?"

Mwenyekiti alitazama dirisha. Bosi alitazama faili. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwenye zulia la chumba kile. Nikasimama.

Nilisema ni mimi. Nikaeleza kiti wazi, maneno ya kujazia, mafua ya mchora kurasa. Nikasema sikuwa na idhini ya mtu yeyote, wala ya mama mwenyewe. Mkasi alinisikiliza bila hasira, na hiyo ilinitisha zaidi.

"Watu ni wengi mjini humu," alisema, "nawe ukamchagua huyu. Unajua maisha yake mpaka watumishi wake walikuwa wangapi. Mimi leo nimesema ukweli mbele yenu uliokaa kooni karibu miaka thelathini, kwa hiyo na wewe sema wako. Wewe na mama huyu mna uhusiano gani?"

Bosi aligeuka. Aliniuliza Jumanne kama namfahamu, nikamwambia kidogo. Sasa akawa anasubiri kujua hicho kidogo kina ukubwa gani.

Nikisema ni mtu baki, nimesema uongo mbele ya mwanamke asiyeusamehe, na binti yake nimempoteza. Nikisema ni mama mkwe wangu, Bosi ananifukuza kwa kumwingiza ndugu yangu kwenye bodi, miezi sita yangu inaishia siku moja kabla, na binti yake nimempoteza vile vile. Tena neno lenyewe sijapewa ruhusa ya kulitumia.

Mama aliinua mkono.

"Kaa chini. Hilo si lako kulijibu. Ni langu."

Nikakaa. Akakivuta kijitabu kutoka mbele ya Mkasi, akakilinganisha kona kwa kona, akakikunja, akakikunja tena, akaupapasa mkunjo kwa kiganja. Nilikwisha kuijua mikono ile, haina haraka, na haisemi kabla haijamaliza. Kisha akavua miwani, akawatazama wote, akanitazama mimi mwisho.

Tangu anijue hajawahi kuniita kwa jina lolote ila mwandishi. Nilimwona akilitafuta neno jingine, akalipata, akafungua kinywa.